Imeanguka Tu

Thembo anasema imeanguka tu.
Baiskeli haianguki tu, namwambia,
kama vile ugali hauungui tu. Ilete hapa.

Naipindua, tandiko chini, magurudumu juu.
Saa kumi na moja. Jua limeshaingia nyuma ya milima
na mto Nyamwamba unasukumana na mawe yake.

Nazungusha gurudumu la mbele.
Shi.
Shi.
Shi.
Linagusa breki mahali pale pale kila mzunguko.
Nashika chaki karibu na rimu, nabana pumzi,
chaki inaandika palipopinda:
kuanzia kwenye valvu mpaka spoku ya tano.
Nazipiga spoku kwa ukucha, moja moja.
Zilizo nzima zinaitika ti, ti, ti.
Mbili zinasema du,
kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini.

"Uliangukia upande gani?"
"Kushoto, shangazi. Nilikuwa nakwepa lori la mchanga."
Pedali ya kulia imelika hadi chuma cheupe.
Mpira wa usukani, upande wa kulia, umechanika,
umemeza changarawe nyekundu.
Hilo lori, namuuliza, jina lake si Mbusa?
Si lilipanda baiskeli ya mjomba wake,
mkashindana kutoka Kyanjuki?
Anatazama ndala zake.
Ipo moja.

Sijamaliza.
Nafunga uzi kwenye kichwa cha fremu,
naupeleka nyuma hadi kwenye ekseli, naurudisha upande wa pili.
Napima pengo kwa vidole:
huku vitatu,
huku vitatu na unene wa sarafu.
Nalowesha kidole kwa mate, nasugua tope
chini ya shingo, pale mabomba mawili yanapokutana.
Rangi imekunjamana
kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Nakwaruza.
Chini yake, ufa. Unywele tu,
lakini unajua unakokwenda.

"Si utachomelea, shangazi?
Kesho siku ya soko. Kilo sitini za kahawa.
Baba ameshampa mnunuzi neno."

Ya Erikana ilichomelewa.
Wakaipaka na rangi ya kijani, ikapendeza.
Ilimfikisha mume wangu Kasese mara nne.

Nachukua msumeno.
Thembo anapiga kelele, anaita mama yake,
anaita hata Mungu, kwa haraka, bila adabu.
Naanzia palepale kwenye ufa.
Chuma kinalia kidogo, halafu kinazoea.
Mama yake atakuja kunitukana, na ana haki:
kahawa ile ni karo ya Mbambu, najua,
na baiskeli ya kukodi haitolewi kwa salamu.
Vinavyofaa naviweka kando juu ya gunia:
cheni, gurudumu la nyuma, karia
aliyoiunda babu yake kwa nondo za mgodi,
ambayo itatuzika sote.
Fremu sasa ni vipande viwili visivyojuana.

Imebaki kengele. Nzima, haina hata mkwaruzo.
Namgeukia nimpe, angalau hiyo,
naye ananyoosha mkono wa kushoto.

Wa kulia umelala tumboni, kiganja juu.
Umelala hivyo tangu alipoingia.
Kilima chote amesukuma baiskeli kwa mkono mmoja,
na mimi nilikuwa nasikiliza spoku.

Nafuta grisi kwenye gauni.
Naanzia begani, polepole, kwa kidole kile kile,
nikifuata mtulinga kuelekea shingoni.
"Hapa?"
"Hapana."
"Hapa?"
Anauma mdomo.

Tunateremka zahanati kabla hawajafunga,
mkono wake nimeufunga kwa leso yangu,
ndala moja ikipiga chini, mguu mwingine kimya,
na kengele mfukoni mwake
inalia kila hatua, peke yake,
ikiomba njia kwa watu ambao hawapo.