Mwiko Haupitishi Umeme

Fundi Shaame wa mafriji, Mtemani, Wete,
alitoka Ijumaa baada ya alasiri
na suti ya harusi yake, miwani ya kuchomelea vyuma,
akisukuma mkokoteni wa maji usio maji.
Juu yake: tumbo la redio ya marehemu babake,
mota ya feni, spoki ishirini na mbili za baiskeli,
mfuniko wa sufuria uliotobolewa kama chujio,
betri ya gari, na taa ya friji
iwakayo bila mlango kufunguliwa.
"Huyu," akasema, "jina lake Kinyamkela.
Hapigwi. Hapulizwi. Hushikwa mkono."

Nyaya mbili zilimtoka ubavuni:
mmoja kwa mtu wa mwanzo, wa pili kwa wa mwisho,
na kati yao mtaa mzima, kiganja kwa kiganja.
"Anayeogopa umeme arudi nyuma!
Anayemwogopa mkewe aje mbele!"
Tukacheka, tukaja.
Mimi nilikuwa wa sita,
baina ya muuza urojo na Mwalimu Hamad wa hesabu
ambaye mkono wake, kumbe, laini kama andazi.

Ukibana, sauti yapanda.
Ukilegeza, yashuka, yakoroma.
Jasho likija, yatetemeka.
Shaame akaruka huku na huku na kijiti cha mwavuli:
"Wewe bana! Wewe pumua!"
mpaka tukawa zumari moja refu la nyama.

Kisha mstari ukakatika.
Pale katikati, Bi Mize na Bi Asaa,
mwaka wa saba hawaamkiani
kwa pishi mbili za karafuu
zilizoanuliwa siku ya mvua,
na nani, Mungu ajua.
Kiganja huyu, kiganja yule, shubiri moja kati.
Kinyamkela kimya.

"Shikaneni!"
"Sishiki."
"Nami sishikwi."
Mjukuu wa Bi Asaa akapenya na mwiko wa wali:
mmoja akashika mpini, mmoja akashika kichwa.
Kimya.
Shaame akavua miwani. "Bibi zangu, mwiko ni mti.
Mwiko haupitishi umeme.
Mwiko kazi yake kuzuia."
Wakubwa wakainamisha macho;
watoto wakaona ni somo la sayansi.

Mama akaingia ndani, akatoka na kijiko cha chai,
cha chuma, kifupi,
kifupi hata ukishika ncha yako
huwezi kuukwepa ukucha wa mwenzio.

Ikaja.
Haikuwa nzuri, nisiseme uongo:
ilianza kama mlango wa ghala, ikapanda,
ikapanda tena, kwani mmoja alibana
na mwengine hakukubali kushindwa kubana,
hadi spoki zikalia zote, taa ya friji ikawa nyeupe pe,
na kunguru wa msikitini wakahama paa.
Hakuna aliyeachia wa kwanza.

Kijiko hakijarudi kwetu mpaka leo.
Bi Mize asema kiko kwa Asaa.
Bi Asaa asema, "Muulizeni Mize.
Nimekiona jana,
akinikorogea chai."