Sululu Mwenye Bangili

Saa kumi na mbili kasorobo, daraja la Salenda
limeshaanza kunguruma nyuma ya kisogo changu.
Nimelala kifudifudi topeni,
kamera juu ya kifuko cha mchanga,
tumbo limelowa, kiwiko kimechanwa na kombe.
Ni bamvua. Maji yamekupwa hadi mbali
na tope limejianika,
linanuka chumvi, dizeli,
na vyote mji ulivyokula jana.

Wapo saba.
Mwaka nilioanza nilifika mia na kumi,
nikachoka kuhesabu, nikaacha.

Sululu: ndege, na chombo cha kuchimbia.
Sijui nani alimwazima mwenziwe jina.
Anauzamisha mdomo wote, hadi machoni,
anavuta mnyoo, anameza, ananitazama.
Ametoka kule jua la Juni lisikotua
na mguuni ana bangili ya njano yenye herufi.
Nazitaka herufi hizo. Tatu tu.

Lugha yangu hainipi kitenzi kingine:
picha hupigwa, kama risasi, kama mwizi.
Basi nabonyeza taratibu, kwa aibu kidogo,
na bado anashtuka.

"Wewe wa kamera! Umelalia chambo changu."
Siwema, kanga imekunjwa magotini,
jembe la mpini mfupi, ndoo iliyokuwa ya rangi.
Anachimba minyoo ileile,
kopo moja mia tano kwa wenye ndoano ukutani.
Namsihi ashushe sauti.
Namwonyesha bangili kwenye kioo cha kamera.
Hakitazami.
"Huyo? Anachechemea huyo.
Yuko pale kwenye bomba tangu vuli,
wenziwe humfukuza.
Mimi nikichimba huku, kule namwachia."

Alfajiri kumi na tisa nimekuja hapa.
Kuchechemea sikukuona.

Maji yanarudi. Yanajaza kwanza nyayo za Siwema,
kisha matundu ya midomo,
kisha alama ya tumbo langu.
Wanaruka saba kwa mpigo, wakilia.

Mwananyamala, usiku, naikuza picha hadi inameguka:
herufi ya kwanza ni H, au labda N.
Ya pili ina tope.
Pembeni, nje ya shabaha, ukungu wa kanga nyekundu
umeinama, mgongo umepinda
vilevile kama mdomo ule.

Daftarini nimeandika: Saba. Mmoja anachechemea.
Nimeandika na jina la aliyeniambia.