Karatasi ya Arobaini na Mbili

Darasa la sita tulikuwa arobaini na mmoja.
Najua, maana Mwalimu Ezaruku alituhesabu kila asubuhi
kwa ncha ya kalamu, bila kutaja majina,
na wa mwisho daima alikuwa Onzima,
akiingia na viatu mkononi, tope la Arua kifundoni.

Siku hiyo tulimchagua mpiga kengele.
Si cheo kidogo: kengele yetu ilikuwa ringi ya lori
iliyoning'inia kwa waya nje ya stoo,
na mwenye kushika nondo ndiye mwenye saa ya uji.

Sanduku la kura, boksi la sabuni,
limetobolewa kwa wembe, bado lanukia.
Pazia, kitenge cha mke wa mwalimu.
"Humo ndani," alisema, "hayumo baba yako,
hayumo padri, na mimi simo.
Humo ni wewe na penseli."

Tulicheka. Penseli yenyewe moja,
fupi kama kidole gumba, imefungwa uzi isiibiwe.

Nikaingia. Nikamwandika Driwaru, rafiki yangu.
Karatasi ya pili ilikuwa soksini.

Tulihesabu kwa sauti, darasa zima:
arobaini, arobaini na moja,
na sauti zikapitiliza
kama baiskeli isiyo na breki:
arobaini na mbili.

Mwalimu hakuuliza nani.
Hakuigusa fimbo, na fimbo ilikuwapo.
Aliandika 41 ubaoni, kando yake 42,
akaitazama ile ya pili kana kwamba ni mgeni.
"Huyu wa ziada," akasema, "anakaa dawati gani?
Anakunywa uji wa nani?"
Kisha akachana kurasa za daftari lake mwenyewe,
tukapiga kura upya.
Kengele ya kwenda nyumbani haikulia;
wa kuipiga hakuwa amepatikana.

Driwaru alishindwa kwa kura moja.
Hajui mpaka leo.

Kwenye mtihani: *Taja sifa tatu za raia mwema.*
Nilizitaja. Nilipata tatu juu ya tatu.

Uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji hauna kitenge.
Unasimama nyuma ya unayemtaka, mchana kweupe,
kisogo cha mtu mbele, pumzi ya mtu shingoni,
na mwenye duka anayekudai anakuona.
Baba alisimama kwa Afeku, aliyemkopesha mbegu za tumbaku.
Mimi, miaka kumi na tisa, kwa Mama Candiru,
aliyeahidi kusafisha kisima.
Baba aliniona. Akaangalia ndala zake.

Msimamizi akapita mstari wetu upesi, akigusa mabega:
hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini na tatu.

Sitini na tatu?
Wa mbele yangu alitabasamu. Mstari ulikuwa wetu.
Nami nikahisi kitu kinaniwasha kifundoni,
mahali pa soksi, na sikuwa nimevaa soksi.

Nikanyoosha mkono kama darasani.
Pale hakuna anayenyoosha mkono, watu hupayuka tu.
"Tuhesabu tena. Kwa sauti. Wote."

Mmoja aliniita mtoto. Mwingine akauliza nani kanilipa.
Mama Candiru aligeuka, akanitazama kama deni.
Ndipo bibi mmoja nisiyemfahamu, huko nyuma kabisa,
akaanza: "Moja."

Themanini na mbili kwetu.
Kwao, themanini na nne.
Nilidai hesabu, hesabu ikanidai.

Jioni baba alinisogezea bakuli la mchuzi, kitu asichofanya.
"Nani alikufundisha kuhesabu namna ile?"
Nikataja jina la mwalimu.
Haukuwa uongo, ila haukuwa wote.

Kisima bado kina tope.
Kikao ni Jumapili, saa nane.
Nimeandika tarehe ukutani, kwa penseli.