Kamera Mbili za Lyaruu

Mjane wa Lyaruu kaziweka juu ya meza ya cherehani,
mbili, kama mapacha wanaosubiri kugawanywa.
Nje Kiusa inapiga kelele za parachichi na mitumba.
Ndani, harufu ya dawa ya kusafishia picha
bado imekaa ukutani, haijapata habari ya msiba.

Hii ya chuma, ananiambia, ni ya Kijerumani.
Inapinda shingo, inapinda kiuno;
ghorofa iliyoinama utaisimamisha wima.
Naiinua. Mkono unajibu kabla ya akili:
debe zima la maji, na bado sijabeba miguu yake mitatu.
Mimi ninakotaka kwenda ni Kidia, kwa unyayo,
kile kilima ambacho hata mbuzi hukipumzikia katikati.

Hii ya mbao inakunjwa ikawa sanduku,
sanduku linatulia mgongoni kama mtoto aliyeshiba.
Shaba ya bawaba imeota kutu ya kijani.
Mvukuto umechoka. Tunaingia chumba cha giza,
anawasha tochi ndani ya tumbo la kamera:
nyota mbili.
Moja kwenye kona, moja jirani na lenzi.
"Hizo," anasema, "hata fundi baiskeli anaziziba."

Bei najua kuizungusha, nimelelewa sokoni,
lakini utabishanaje na kitu
kinachomning'iniza Kibo kama popo?
Nimejifunika kaniki, dirisha liko wazi,
na kwenye kioo cha nyuma theluji iko chini,
migomba inaning'inia kutoka juu,
mama mwenye tenga la ndizi anapita kichwa chini
na haidondoki hata moja.

Nikalipa. Nikahesabu kilichobaki:
hela ya gundi, hela ya viraka.
Filamu, kipande kimoja tu, ni bei ya jogoo,
tena mpaka iagizwe.
"Umenunua jiko huna mkaa," akacheka.

Ndipo nikamwambia. Nilikuwa na miaka saba,
gauni la kipaimara la dada likiburuza sakafu hii hii.
Mzee alinipiga. Kesho yake akasema picha imeungua.
Sikudai. Sikuwa nimelipa.

Mjane akakunja kitambaa, akakikunjua.
"Haikuungua.
Watoto wasio na hela aliwapiga bila filamu.
Alisema, angalau watazamwe vizuri mara moja."

Sikujua nikasirike au vipi.
Akavuta kigoda mpaka mwanga ukamgusa shavu,
akaweka mikono magotini, kama mtu anayeijua kazi.
Nikarudi chini ya kaniki.
Alikuwa mdogo, kichwa chini,
mvi zake zikielekea sakafuni.
Nikasogeza lenzi, nikarudisha,
mpaka kope zikahesabika.

"Usicheke," nikasema. "Usipumue."

Hakupumua.