Kiota Namba Nne

Naandika kwenye daftari la hesabu,
lile la mraba mraba, alilobakisha Apondi alipomaliza darasa la nane:
Ogal, saa kumi na moja alfajiri. Kiota namba nne.
Wavu upo. Nyayo za mbwa zimekuja, zimezunguka, zimerudi.
Kenge hakuonekana,
maana yake alituona kwanza.

Hatulipwi. Watu huuliza hilo kabla ya salamu.
Mama Nyangweso hutujibia sote:
"Na wewe, nani alikulipa kulinda tumbo la mkeo?"
Kisha hurudi kukagua mawe yake juu ya wavu,
wavu wa banda la kuku ambao kideri kiliwamaliza zamani.

Kobe wa maji si mnyama wa kujivunia.
Ana rangi ya tope, ananuka tope,
ukimshika anakukojolea mkono bila kuomba radhi.
Hakuna mtalii atakayepanda ndege kuja kumwona.
Lakini usiku ule nilimkuta anachimba,
mguu wa nyuma wa kushoto, mguu wa nyuma wa kulia,
polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani
asitake kuamsha nyumba.
Nikazima tochi.
Nikakaa chini, mbu wakanila mpaka wakashiba.

Sasa niseme la aibu.
Karo yangu ililipwa na mchanga huu.
Kaka yangu Okumba ana lori; alianza na karai na mgongo wake.
Kila nyumba mpya kutoka Kisian hadi Mamboleo
ina kipande cha ufuko wetu ndani ya kuta,
na nani ajuaye,
labda kuna maganda ya mayai chini ya plasta
kwenye sebule ya mtu anayetazama taarifa ya habari.
Tumegombana, mimi na Okumba, mpaka sahani zikanyamaza.
"Kobe," alisema, "hajawahi kuninunulia hata kiberiti."

Mwezi wa tano ziwa likapanda.
Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni anayesogeza kiti,
leo inchi, kesho inchi,
limetanguliza gugumaji kama mkeka unaokunjuliwa,
na kiota namba nne kikabaki hatua sita,
tano na nusu,
nne.

Yai la kobe likishatulia halipinduliwi.
Kilichomo ndani kimeshachagua juu ni wapi;
ukikigeuza, kinazama ndani ya ganda lake chenyewe.
Kwa hiyo penseli. Nukta moja juu ya kila yai,
na nukta iitazame mbingu njia nzima.
Mama Nyangweso alifukua kwa vidole,
mimi nikatia nukta, kumi na tisa,
na tulipoangaza huku na huku kutafuta chombo kipana
karai lilikuwa limeshawekwa kando ya goti langu,
kuukuu, ukingo umeliwa na koleo,
limejaa robo, mchanga mkavu, uliochekechwa.

Okumba hakusema kitu.
Alilibeba mwenyewe hadi mwinukoni, nyuma ya banda la kupimia samaki,
akitembea kama aliyebeba uji wa moto,
yeye amwagaye tani saba bila kutazama nyuma.

Siku ya themanini na mbili.
Walioanguliwa: kumi na mmoja.
Mayai mabovu: saba.
Mmoja: kunguru. (Nilikuwa nimeinama kufunga kamba ya kiatu.)
Kila mmoja upana wa kizibo cha soda,
na wa mwisho alishuka majini na kibanzi cha ganda
kimemganda mgongoni, juu yake nukta yangu,
kijivu, ikitazama mbingu.

Lori bado linapakia, ng'ambo ya mkondo.
Nimeliandika hilo pia: saa, idadi ya safari, rangi ya turubai.
Nambari ya usajili naijua kwa kichwa.
Mraba wake
nimeuacha mtupu.