Taa za Barabarani

Mimi ni Mwanamvua,
pesa watu huchukua,
wengine waja na pua,
dukani kwangu Langoni.

Alikuja mwezi Mei
mzungu, jina ni Grei,
hajui chapati bei,
yuapanga Mkomani.

Kwao ni Australia,
mbali hata kusikia:
dunia ikiishia,
kata kushoto, kwa chini.

Kila asubuhi huja,
chai na andazi moja,
kisha habari huchuja
kutoka humo simuni.

"Wataalamu," asema,
"kwa miaka wamepima,
wamegundua ni vyema
usiku kulala ndani.

Fedha nyingi zimeliwa!
Nyanya yangu hakupewa
cheti, na alielewa
tangu yuko utotoni.

Na mashine za akili
hujibu kila suali;
hudanganya kwa adili
kama mume safarini."

Hapo wanawake wote
waliongoja mkate
wakatema hata mate
kwa kicheko barazani.

"Kuna jokofu lajua
maziwa yakipungua,
lenyewe likanunua
mengine mtandaoni.

Langu mimi," akanena,
"umeme kutwa hakuna;
mtindi lafanya tena
bila kuomba benkini."

Na benki ndiyo shughuli
iliyompa mushkili.
Akiba yake halali
imefungiwa chumbani.

Wamemwona yuko Lamu,
wakaogopa haramu,
wakatuma tarakimu
kwa simu ya sandukuni.

Simu hiyo aliacha
Pathi, soksi zaificha;
dada yake kila kucha
yuko kwake bustanini.

"Basi," benki ikasema,
"geuza uso kwa nyuma,
kohoa, tena inama,
tukuone kamerani."

Akageuka kwa ari,
akazunguka duari.
"Samahani," ikakiri,
"huyu si wewe, yakini."

Ndevu zimeshuka hapa,
pua jua limechapa,
nami kwa Mungu naapa,
kama kamba wa mekoni.

Wakaleta picha tisa:
"Wewe si roboti hasa?
Gusa, na usije kosa,
taa za barabarani."

Taa! Lamu kwetu! Wapi?
Na barabara ni ipi?
Punda asimame vipi,
taa nyekundu njiani?

"Wangeniuliza punda,"
akasema, "ningeshinda;
hata shonde ikiganda
naitambua gizani."

Na hapo punda Waziri,
wa Famau, ana shari,
akapita kwa kiburi
na saruji mgongoni.

Akamwona, kasimama,
mfuko kauandama,
andazi la jana, zima,
akalitoa, jamani!

"Ona!" Grei akacheka,
"huyu hakunipa shaka,
nambari hakuzitaka
wala uso kamerani.

Benki nayo, tangu shule
pesa zangu ziko kule,
yauliza, 'Nani yule?'
kama mgeni mlangoni."

Nikafungua daftari
lililolowa sukari:
mia sita, bila siri,
jina lake ukingoni.

Saa nane za usiku,
paka wapigana huku,
simu yalia ja kuku,
benki imo ujumbeni:

"Tupe nyota za huduma,
moja hadi tano, pima;
tafadhali sana, sema
umeridhika moyoni?"

Grei akapanda juu,
kikoi kikuukuu,
akajigonga mguu
kwa ngazi za ukutani.

Kesho yake kanambia:
"Kusini naangalia,
nyota tano zatulia,
zile zetu za nyumbani.

Nikatuma zote hizo;
wakajibu, 'Hizi sizo;
bonyeza zile tulizo-
panga hapa kiooni.'"

Kanyoosha na kikombe:
"Chai nyingine niombe,
au kwanza nikaumbe
taa za barabarani?"