Vidole Visivyosomeka

"Weka tena," akasema binti wa dirisha la nne.
Nikaweka tena kidole cha shahada
juu ya kioo chenye mwanga wa kijani,
kidole kilichozoea mwanga mkali kuliko huo.
Mashine ikafikiri. Mashine ikakataa.
Gumba: hakuna.
Cha kati: hakuna.
Cha pete, ambacho hakijawahi kuvaa pete,
kidogo, ukingoni, kama njia ya mchwa.

Dada, nilitaka kumwambia,
hizo alama unazozitafuta zimebaki Tororo.
Nyingine ziko kwenye geti la shule ya watawa,
nyingine kwenye tangi la maji la hospitali,
kiungo cha chini kabisa, nilipokishika chuma kabla hakijapoa
kwa sababu mvua ilikuwa inashuka upande wa mwamba
na Mzee Oketcho hakuwa na turubai.
Nenda ukasome huko.

Lakini nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu:
wauguzi wawili, dereva wa kreni,
kijana wa kompyuta aliyenukia pasi,
kila mmoja amekumbatia faili la plastiki
kama mtoto mwenye homa.
Nikasema tu, "Sawa."

Katika langu mlikuwa na cheti cha ufundi na nakala yake yenye mhuri wa wakili,
picha ya mapafu,
barua ya polisi kwamba sijaiba,
barua ya mwajiri, kiwanda cha meli
katika mji ambao herufi za jina lake zinagombana
(nyumbani tunauita Kule, basi).
Ng'ombe wa mama hakuwa na karatasi humo,
ila ndiye aliyelipia zote.

Na walikuwa wamenijaribu!
Bomba lililofungwa mshazari,
nikalizunguka kwa goti, kwa ubavu, kwa mgongo,
pumzi nimeibana,
mshono ukatoka umepangana kama magamba ya ngege.
Wakaupiga eksirei. Hakuna kipovu, hakuna ufa.
Mshono wangu ulisomeka.
Mimi ndiye sisomeki.

"Pumzisha mikono wiki tatu," akasema binti, si kwa ubaya.
"Paka mafuta. Usiguse moto. Urudi."

Basi nimekaa.
Mkono mtupu haulambwi, wanasema wahenga;
wangu si mtupu, umejaa mafuta ya shea kutoka Lira,
umefungwa mfuko wa nailoni, unatoka jasho,
na mama ananimenyea viazi
mimi, Athieno, wa miaka thelathini na moja.

Ng'ambo ya barabara
Oketcho amempa kijana mmoja kinyago changu.
Simwoni, ila namsikia.
Umeme ukikaa vizuri hulia kama mafuta ya kukaangia sambusa.
Wake unakohoa.
Yuko mbali mno na chuma, yule.
Atajaza mapovu, na dirisha litashika kwa rangi tu.
Nimesimama mara mbili. Nimekaa mara mbili.
Mara ya tatu nimefika mlangoni nikapiga kelele,
"Sogea! Sogea karibu, usikilize!"
Akanyamaza. Akajaribu. Ikalia.
Nikarudi kukaa, moyo ukinienda mbio kana kwamba nimeiba.

Siku ya kumi na saba
mama amewasha tochi ya simu, amekishika kidole changu.
Hajui kusoma, lakini amekisoma muda mrefu.
"Vimistari vinakuja," amesema. "Kama matuta ya mtama
mtu akiyatazama kutoka juu ya mwamba."

Kisha, bila kukiachia:
"Na hao wakishakuruhusu, kazi yenyewe ni ipi?"
Ileile, mama.
"Ya moto?"
Ya moto.
Akazima tochi.
"Angalau Kule watakupa glavu."
Watanipa, nikasema. Nzuri, za ngozi.
Sikumwambia kuwa ndani ya tumbo la meli
kuna pembe ambazo glavu haiingii.